Programu huria na ugomvi wa nani aamue: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Nairobi

Mimi hutafsiri programu huria kwa Kiswahili, na huwasaidia wanaozitumia hapa Nairobi: maktaba, zahanati, vyama vya akiba, mashirika ya mtaani. Maswali ya kiufundi huwa mepesi. Magumu ni yale yanayokuja baada ya ugomvi. Toleo jipya limeondoa kitu tulichokizoea, kampuni imebadilisha masharti, wakubwa wa mradi wamekosana hadharani, na mkutubi wa Eastleigh anataka kujua kama kesho mfumo wake utafunguka. Nimeyakusanya hapa ili nisiyajibu moja moja kwa simu.

Programu huria ni mali ya nani?

Ligawe swali hilo. Msimbo, yaani maandishi ambayo programu imeundwa kwayo, una wenyewe kisheria, walioandika au waajiri wao, lakini leseni huria imekuruhusu kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuwapa wengine. Kando ya msimbo kuna vitu ambavyo leseni haivigusi: jina la mradi, nembo, anwani ya tovuti, seva, nywila za hazina ya msimbo, akaunti ya benki ya michango. Hivyo vina mwenyewe, na mara nyingi ni mtu mmoja au kampuni moja.

Aliyewahi kuwa kwenye chama anaelewa haraka. Vitabu vya chama kila mwanachama anaweza kuvisoma. Lakini kama benki inaitambua sahihi ya mwekahazina peke yake, siku mkikosana chama ni chake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu mradi wowote, mimi huanza kwa kuuliza sahihi iko kwa nani.

Kama ni huria, mbona sisi watumiaji hatuulizwi?

Kwa sababu leseni imekupa uhuru, haikukupa kura. Haki yako kubwa kuliko zote chini ya leseni ni kuuchukua msimbo na kwenda nao. Kubaki ndani na kusikilizwa ni jambo jingine kabisa, na hilo linategemea katiba ya mradi, kama ipo, au hulka ya wanaouendesha, kama haipo. Hasira nyingi ninazokutana nazo hapa mjini zinatokana na kuchanganya mambo haya mawili.

Basi nani huamua?

Kila mradi na desturi yake. Kiini cha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kimebaki na mwanzilishi mwenye neno la mwisho. Mingine inaendeshwa na kampuni, mingine na wakfu, yaani taasisi isiyotafuta faida, mingine na yeyote aliyebaki baada ya wenzake kuchoka.

Python, lugha ya kuandikia programu, ni somo zuri. Tangu 1991 Guido van Rossum alikuwa na neno la mwisho, na jamii yenyewe ilimwita dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya mabishano marefu na machungu kuhusu alama moja ndogo ya kuandikia msimbo, alijiuzulu wadhifa huo, na hakuteua mrithi. Lugha inayotumika dunia nzima, na inayofundishwa katika vyuo vyetu, ikabaki bila msemaji wa mwisho. Waandishi wake wakaletewa mapendekezo saba ya uongozi, wakapiga kura, na Desemba mwaka huohuo wakachagua mfumo wa baraza la watu 5. Kuna kifungu kimoja humo ambacho ningependa kila mradi ukiige: wajumbe wa baraza wanaofanya kazi kwa mwajiri mmoja hawaruhusiwi kuzidi wawili. Walijua kwamba hata kampuni yenye nia njema, ikijaza viti, itawafukuza wengine bila kusema neno.

Debian, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, ilifika huko mapema zaidi. Ilianza 1993, na katiba yake ikapitishwa Desemba 1998. Kiongozi wa mradi huchaguliwa kila mwaka, na wanachama wanaweza kuutengua uamuzi wake kwa kura. Angalia lakini kwamba wapiga kura ni wanachama, si kila aliyeweka Debian kwenye kompyuta yake. Kwetu sisi watafsiri, mwaka wa maana ni 2010, wanachama walipokubali kwa kura kwamba hata wasioandika msimbo wanaweza kupokelewa kuwa wanachama kamili. Mtu anayetafsiri au anayeandika maelezo ya matumizi anaweza kupiga kura sawa na mhandisi. Wengi hapa nikiwaambia hivyo hawaamini.

Kwa hiyo wenye katiba na kura hawagombani?

Wanagombana, tena sana. Mwaka 2014 Debian ilitakiwa kuamua ni programu gani iiwashe mashine na kusimamia huduma zake, na mojawapo ya zilizopendekezwa, systemd, ikawagawa watu katikati. Kamati ya kiufundi ilifungana kura, mwenyekiti akaamua kwa kura yake ya kuvunja sare. Suala likarudi kwa wanachama wote mwezi Novemba, na chaguo lililoshinda lilisema kwamba azimio la wanachama halihitajiki. Baadhi ya walioshindwa wakaondoka wakaanzisha Devuan, na toleo lao la kwanza thabiti likatoka 2017.

Wapo wanaoitaja hadithi hii kama ushahidi kwamba demokrasia haifai kwenye programu. Naona kinyume. Watu waliumizana kwa maneno, hilo kweli, lakini kila mtu alijua kura inapigwaje, nani anahesabu, na matokeo yanasomwa wapi. Aliyeshindwa alijua ameshindwa. Sisi tunaoishi Kenya tunajua thamani ya jambo hilo.

Kujitenga ni usaliti?

Hapana. Kuuchukua msimbo na kuanzisha mradi mwingine ni haki iliyoandikwa ndani ya leseni, na mara nyingine ndiyo iliyouokoa mradi. Kampuni ya Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun mwaka 2010, OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyokuwa chini ya Sun, ikaenda nayo. Tarehe 28 Septemba mwaka huo sehemu kubwa ya wachangiaji ikatangaza LibreOffice na taasisi yao wenyewe, ambayo baadaye ilisajiliwa Ujerumani kama wakfu. Wajumbe wa bodi yake huchaguliwa na wachangiaji, watafsiri wakiwamo. Ofisi ninazozihudumia zinatumia LibreOffice leo, na hakuna aliyelazimika kulipia chochote ili kuvuka.

Node.js, programu ya kuendeshea msimbo wa JavaScript kwenye seva, nayo iligawanyika. Desemba 2014 waliochoshwa na mwendo wa kampuni iliyokuwa ikiusimamia walianzisha io.js, na kabla ya mwaka 2015 kwisha pande mbili zikaungana tena chini ya wakfu. Kuondoka kwao ndiko kulikofungua mazungumzo.

Lakini kujitenga kunataka mikono. GNOME ni programu inayoipa Linux madirisha na menyu zake; toleo lake la tatu lilipotoka Aprili 2011 na kubadilisha sura ya kompyuta za watu, watumiaji wengi walilia. Malalamiko yao hayakurudisha kitu. Waliorudishiwa sura ya zamani waliipata kwa sababu mtumiaji mmoja wa Argentina aliuchukua msimbo wa toleo la pili akaanzisha MATE, na wengine wakaungana naye kuutunza mwaka baada ya mwaka.

Sisi ni maktaba tu, hatuna hata mwandishi mmoja wa msimbo. Tuna nguvu gani?

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni Koha.

Koha ni mfumo wa kuendeshea maktaba, na vyuo vikuu vingi hapa Kenya vinautumia kuorodhesha na kuazimisha vitabu. Haukubuniwa na kampuni kubwa. Ulilipiwa na maktaba ya umma ya wilaya ya Horowhenua, New Zealand, iliyohitaji mfumo mpya kabla ya mwaka 2000 kuwadia. Waliamua kuutoa kwa leseni huria na kuupa jina la Kimaori lenye maana ya zawadi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mtumiaji ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Baadaye kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikiuza huduma za Koha ikaja kuishikilia tovuti ya mradi. Ikaanza pia kuwapa wateja wake toleo lake yenyewe, na wachangiaji wengine wakajikuta nje ya mlango. Msimbo ulikuwa huru wakati wote huo. Kilichokuwa mikononi mwa mtu mwingine ni anwani na jina. Jamii ikafungua tovuti mpya, ikahamisha kazi yake, na ikakubaliana kwamba mali ya pamoja ishikwe na ileile maktaba ya Horowhenua kwa niaba ya wote.

Halafu 2011 maktaba hiyo ikagundua kwamba ombi la ile kampuni ya Marekani la kusajili neno Koha kama alama ya biashara, ndani ya New Zealand kwenyewe, lilikuwa limefika mbali. Maktaba ndogo ya mji mdogo haina bajeti ya mawakili. Ikaomba msaada hadharani, na wakutubi na watumiaji wa nchi mbalimbali wakachanga. Kwetu tungeiita harambee. Desemba 2013 ofisi ya hakimiliki ya New Zealand ikalikataa ombi la kampuni hiyo.

Tazama ni nani waliolilinda jina hilo. Walikuwa watu wanaopanga vitabu kwenye rafu, pamoja na wahandisi. Walikuwa na kumbukumbu za tarehe, walijua nani alianzisha nini, na walichanga walichoweza. Maktaba yako ya Nairobi ina uwezo wa kufanya yote matatu. Tena mkiripoti kasoro vizuri, mkieleza ni toleo gani na ni hatua zipi zinaileta, mmeshachangia kazi ambayo mwandishi wa msimbo hawezi kuifanya mwenyewe, kwa sababu yeye hakai dirishani akihudumia wanafunzi 300 kwa siku.

Kampuni ikibadilisha leseni, tutafungiwa?

Toleo mlilonalo linabaki na leseni yake. Kinachobadilika ni matoleo yajayo. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kusimamia seva, kwenye leseni huria, na wiki chache baadaye OpenTofu, mradi uliojitenga nayo, ukaanza chini ya wakfu wa Linux Foundation. Machi 2024 Redis, programu ya kuhifadhi data, ikafanya mabadiliko ya namna hiyo, na Valkey ikajitenga nayo ndani ya mwezi huohuo. Mwaka 2025 Redis ikarudi kutoa pia leseni huria. Kwa ofisi ndogo ushauri wangu ni kutokurupuka: bakini mlipo, fuatilieni masahihisho ya usalama, na subirini miezi michache muone wachangiaji wamehamia upande gani.

Kabla ya kuchagua programu mpya, ulizeni kama wachangiaji wanatakiwa kuikabidhi kampuni haki zao za msimbo. Mradi ambao haki zake zote zimekusanywa kwa kampuni moja unaweza kubadilishiwa leseni na kampuni hiyo peke yake. Wenye haki wakiwa mamia, na leseni ikiwa ya aina inayolazimisha matoleo yajayo yabaki huria, inabidi wote waombwe, na hilo ni kufuli zuri.

Tukipiga kelele za kutosha watatusikia?

Naomba mlisome jibu hili polepole, maana hapa hata sisi watumiaji tuna makosa.

Programu ya xz hubana faili ili ziwe ndogo, na imo ndani ya karibu kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zikaanza kumshinikiza: kazi inakwenda polepole, watu wanasubiri, mwachie mwingine. Yeye alieleza wazi kwamba anapambana na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba hiyo ni kazi asiyolipwa. Shinikizo halikukoma. Msaidizi mwenye bidii, aliyejiita Jia Tan, alikuwa tayari amejitokeza, na polepole akapewa funguo. Mapema 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ambao ungemruhusu aliyeuweka kuingia kwenye seva za watu. Uligunduliwa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund, aliyetaka tu kujua kwa nini kuingia kwenye mashine kwa mbali kumechelewa kama nusu sekunde.

Zile akaunti za walalamikaji, kwa dalili zote, zilikuwa za kupanga. Kinachoniumiza ni kwamba hazikumshtua mtu, kwa sababu zilisema yale ambayo watumiaji wa kweli husema kila siku. Lugha yetu ya kawaida ya kudai ilikuwa chafu kiasi cha kumficha mwizi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize unayemwandikia ni nani. Kampuni iliyokuuzia huduma ina deni kwako, idai. Mtu anayeitunza programu jioni baada ya kazi yake hana deni. Msalimie, mshukuru, mweleze tatizo, muulize anahitaji msaada gani. Sisi Waswahili tunajua hodi. Tuipige huko pia.

Sauti ya Afrika Mashariki inafika kweli?

Inafika pale ilipoanzia nyumbani. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za VVU za Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, na Februari 2006 ukaanza kutumika hukohuko Eldoret. Ushahidi, programu ya kuweka taarifa za wananchi kwenye ramani, nayo ilizaliwa Nairobi Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, na baadaye ikatumiwa na watu wa nchi nyingine nyingi.

Kwingine tumefanya kazi bila kuhesabiwa. Mwishoni mwa 2009 vijana wa Kibera walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakachora mabomba ya maji, vyoo, shule na zahanati kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, mahali ambapo ramani zilikuwa karibu tupu. Lakini bodi ya wakfu wa OpenStreetMap, uliosajiliwa Uingereza, huchaguliwa na wanachama, na ada ya uanachama ni pauni 15 kwa mwaka. Kwa kijana wa Kibera hiyo si pesa ya kutoa kwa ajili ya kura moja. Sasa kuna njia nyingine: ukichora ramani siku 42 au zaidi ndani ya mwaka, unaweza kuomba uanachama bila kulipa. Ninawasihi wachora ramani wote wa jiji hili waombe. Wenzetu wenye maslahi hawalali. Novemba 2018, uchaguzi wa bodi ukikaribia, wafanyakazi wapatao 100 wa kampuni moja walijiandikisha kwa mkupuo, na wakfu ukalazimika kuchunguza.

Saa nazo ni kikwazo kisichosemwa. Mkutano wa saa nane mchana California unaanza saa sita usiku Nairobi, na wakati wa baridi yao saa saba. Ombeni zamu ya saa, kila mkutano. Miradi mingi hukubali ikiombwa, ila haiwazi yenyewe.

Na sisi kwa sisi, watafsiri wa Kiswahili, tunaamuaje?

Tunabishana kuhusu maneno kama ndugu wanaogawana shamba. Kitufe cha kuweka kazi yako kiandikwe «Hifadhi» au «Okoa»? Kompyuta au tarakilishi? Kipanya au puku? Vitabu vya shule vya Kenya vimeelekea upande mmoja, watumiaji wa Dar es Salaam upande mwingine. Nimewahi kuona mtu akiingia usiku na kubadilisha mamia ya maneno ya wenzake kwa sababu tu alikuwa na ruhusa ya kuidhinisha. Asubuhi watafsiri wawili waliacha kabisa, na hawajarudi.

Tangu hapo kikundi chetu kina kanuni tatu. Neno linalobishaniwa hujadiliwa wiki mbili kabla ya kuguswa. Mwenye ruhusa ya kuidhinisha haidhinishi tafsiri yake mwenyewe. Na daima kuna waidhinishaji angalau wawili wa pande mbili za mpaka. Mimi napendelea «Hifadhi», kwa sababu faili haizami majini hata iokolewe, lakini nikishindwa kwa kura nitaandika litakaloshinda.

Tunaanzisha mradi wetu hapa Nairobi. Tuandike nini kabla hatujakosana?

Andikeni ukurasa mmoja tu. Nani anaweza kuingiza msimbo bila kuomba, na anapataje au kupotezaje ruhusa hiyo. Nani ni mwanachama, na kama mtumiaji asiyeandika msimbo anaweza kuwa mmoja. Uamuzi mkubwa unapitishwaje na unatangazwa wapi. Jina la tovuti limelipiwa na nani, nywila ziko kwa watu wangapi (wasipungue watatu), na fedha za wafadhili zinatolewa kwa sahihi za nani.

Kipengele cha jina la tovuti nakikazia. Nimewahi kufanya kazi na kikundi kilichosajili anwani yake kwa barua pepe ya mwanachama mmoja. Alipopata kazi ng'ambo akaacha kujibu ujumbe, anwani ikaisha muda, na mtu mwingine akainunua. Miaka mitatu ya maelezo ya matumizi kwa Kiswahili ikapotea, kwa sababu hatukuwa na nakala kwingine.

Tumeandika ombi letu miezi mitatu iliyopita na hakuna aliyejibu. Tufanye nini?

Angalieni kwanza kama mmeandika mahali panaposomwa, maana kila mradi una mahali pake pa kupokea kasoro. Angalieni kama mwingine aliwahi kuomba hilohilo. Kama yupo, ongezeni maelezo yenu hapo badala ya kufungua ombi jipya. Elezeni tatizo kabla ya suluhisho: «Wahudumu wetu hupoteza dakika kumi kwa kila mgonjwa kwa sababu tarehe inasomeka kinyume» itapata jibu kuliko «Badilisheni tarehe». Mkiweza kupata vituo vingine viwili vyenye tatizo lilelile, waandike wao wenyewe, kwa majina yao ya kweli. Kama kuna fedha kidogo, mlipeni mwanafunzi wa hapa mjini alitengeneze na alipeleke likiwa tayari. Ombi linalokuja na kazi ndani yake husogea haraka.

Na kama kizuizi ni Kiingereza, andikeni kwa Kiswahili, kirefu kadiri mnavyotaka, mniletee. Nitalitafsiri na kulituma kwa jina lenu, na jibu likija nitawasomea.